Nikomae kwa Mshahara wa Nani?

Watu wanaoniambia "komaa kaka, biashara inataka moyo" wana tabia moja: wananiambia huku wanatafuna chipsi zangu za mkopo. Nina banda la chipsi hapa Dar es Salaam, na ushauri wa bure naupata zaidi kuliko fedha taslimu.

Juzi shemeji akanilipia kiingilio cha semina ya ujasiriamali. Mhamasishaji, kijana mwenye suti ya kubana na kipaza sauti cha shavuni, akatufunulia siri ya utajiri: amka saa kumi alfajiri. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikamtazama mama lishe aliyekaa jirani yangu, naye akanitazama. Saa kumi? Saa hiyo nipo sokoni Ilala nabishana na dalali juu ya gunia la viazi lililotoka Njombe limefungwa lumbesa, halafu sijui njiani limeugua nini, limefika limekonda. Na siko peke yangu. Wapagazi wapo, bodaboda wapo, kina mama wa mchicha ndio kabisa wameshamaliza kupanga mafungu. Kama dawa ni kuamka, hao wa mchicha wangekuwa wanakaa Masaki.

Kisha akaja na mfano ambao hakuna semina inayouacha: marehemu Reginald Mengi, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani. Kweli kabisa. Ila kijana aliruka kipande. Mzee Mengi akiunganisha kalamu zile alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, tena mkubwa katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand. Kalamu zingegoma kuandika, mshahara ungeandika. Simpunguzii heshima, kutoka kwenye kalamu mpaka magazeti na televisheni si mchezo. Lakini na mimi nipeni mshahara wa Coopers, muone nitakavyokuwa na nidhamu.

Maana nidhamu ya mwenye banda ni kuishika noti ya viazi vya kesho wakati mtoto ana homa, mwenye fremu kasimama mlangoni, na mjomba anapiga simu kuulizia mchango wa harusi. Noti ni ileile, kila mmoja anaiona ya kwake. Mafuta ya kula yalipopaa 2022, nilipunguza kipimo kidogo tu, kwa adabu. Mteja mmoja, ambaye deni lake lina umri wa kuanza chekechea, akainua kiazi juu ya taa akauliza, "Bro, leo umekatia wembe?"

Nikaenda kuulizia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 isiyo na riba: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mimi si mwanamke, ujana ulishaniaga, na viungo, namshukuru Mungu, ninavyo vyote. Afisa akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "wewe komaa tu." Wamebaki wakopeshaji wa kausha damu, ambao kwa kweli hawana ubaguzi. Jinsia yoyote, umri wowote, mradi nyumbani uwe na friji.

Friji ninayo, lakini si yangu. Ni ya mama watoto, mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake ndio unaonunua unga, sukari na umeme wa nyumbani, na mwezi ukiwa mbaya unanunua hata viazi vya banda, ili mimi nipite mtaani nikisifiwa kuwa mvumilivu.

Mwisho wa semina kijana akauliza nani amedumu kwenye biashara yake zaidi ya miaka mitano. Nikanyoosha mkono. Akaniita mbele, akanishika bega, akanipa kipaza sauti cha mkononi, akataka niwape wenzangu siri.

"Nimeoa mwalimu," nikasema.

Ukumbi ukacheka. Yeye akanipokonya kipaza sauti kwa tabasamu la kitaalamu, akamwita mwingine.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto. Hakucheka. Alikuwa na rundo la madaftari mbele yake, akaweka vema moja, akafungua jingine.

"Semina ijayo nakwenda mimi," akasema. "Kiingilio utanilipia wewe. Kwa hela ya banda."