Seremala Kanunua Mashua

Kutoka Tabora hadi Ziwa Tanganyika ni safari ndefu ya treni, lakini ukiketi kijiweni Ng'ambo, chini ya mwembe, utadhani mawimbi yanapiga nyuma ya soko. Kila mtu nahodha. Ndiyo maana seremala mmoja wa vitanda alipotangaza kwamba anakwenda Kigoma kununua mashua ya tanga iliyokwisha tumika, aanze biashara ya dagaa, hakuna aliyemzuia. Waliobaki walimwagiza dagaa.

Hoja yake ilikuwa fupi: mashua ni mbao, na mbao anazijua. Ni kweli anazijua. Ukimfumba macho ukampa kipande anuse, atakuambia kama ni mninga au mkurungu, na kama kilipasuliwa kingali kibichi. Ujuzi huo ndio uliomponza.

Kwenye mwalo wa Katonga alikuta mashua mbili zinauzwa. Ya kwanza ilikuwa imevutwa nchi kavu, haina rangi, jua limeipiga hadi maungio ya mbao yameachana; ukiinama ndani unaona mwanga wa nje. Ya pili ilikuwa ya buluu, laini, imeandikwa jina la kumshukuru Mungu ubavuni. Seremala akaitazama ile ya kwanza, akacheka kwa sauti. "Fundi wa hii alifukuzwa wapi?"

Mwenyewe, mzee wa Ujiji mwenye subira, hakukasirika. "Mjomba, hii imekaa juu tangu masika. Itie majini, iache siku mbili tatu, itajifunga yenyewe."

Seremala akajua anafanywa mshamba. Katika vitanda, ubao unaovimba hurudishwa dukani na mama wa bibi harusi, tena kwa maneno. Itakuwaje uvimbe uwe sifa?

Lakini ndivyo ilivyo. Mafundi wa Ujiji huziba maungio kwa pamba iliyochovywa mafuta ya mawese, wakaishindilia kwa patasi butu na nyundo. Kwa mabaharia wa pwani kazi hiyo ni kutia kalafati. Mbao ikikaa juani hunywea, nafasi zikafunguka. Ikirudi majini hunywa maji, ikavimba na kuibana ile pamba. Mashua iliyokaa nchi kavu miezi mingi bila kuonyesha ufa hata mmoja ndiyo ya kuhojiwa. Ama imejengwa na malaika, ama nyufa zimejazwa kitu kigumu na kupakwa rangi. Kitu kigumu hakinywei wala hakivimbi. Mbao zikianza kusukumana, kinatoka vipande vipande.

Tusimcheke sana, maana amewafuata wakubwa. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857. Walikuwa wamekuja Afrika na mashua ya chuma iitwayo Louisa, lakini waliiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kuibeba. Februari 1858 wakafika Ujiji, mbele yao ziwa, nyuma yao mashua. Ikabidi watafute chombo cha mtu. Sifa zilikuwa za jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, aliyekuwa kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya ziwa. Nani atakwenda kulitazama? Burton alikuwa hoi, hawezi kutembea. Akaenda Speke, ambaye macho yalikuwa yanamuuma hata kuona kwa shida, na njiani usiku mbawakawa akamwingia sikioni. Speke akamchokonoa kwa kisu hadi sikio likaziba. Hivyo mkaguzi wa jahazi alifika Kasenge haoni vizuri na hasikii upande mmoja. Sheikh alimkirimu, akamwahidi, kisha akamtaka angoje kwanza amalize safari yake ya biashara. Mkaguzi akarudi mikono mitupu, na msafara ukaenda Uvira, kaskazini mwa ziwa, kwa mitumbwi ya kukodi.

Aliyewapita wote hao alikuwa Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878. Huyu alikuwa baharia wa kazi, mwenye cheti. Hakutafuta chombo kilichokamilika. Alianza na mashua ya kienyeji aliyoirekebisha mwenyewe, akaiita Calabash, na hiyo ndiyo iliyomtembeza ziwani hadi Morning Star, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani kupitia Unyamwezi, ilipoungwa na kutiwa majini mwaka 1883. Anayejua vyombo hununua ubovu anaouona, akaupangia bei. Asiyejua hununua uzima anaoonyeshwa.

Sura haisemi kitu. Meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen, ambayo makasha yake yalipita Tabora kwa treni kwenda Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Ingekuwa ya kuuzwa, hata kijiweni Ng'ambo wasingetaja bei. Kumbe mafundi waliipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Seremala wetu aliikagua ile ya buluu kwa makini sana, lakini mahali pasipo na tatizo. Aligonga mbao za juu, zikalia vizuri. Alipitisha kiganja ubavuni, akakubali. Alinusa, na bila shaka alinusa rangi. Hakuinua mbao za kukanyagia aone maji ya ngama yana kimo gani. Hakuchoma ncha ya kisu kwenye mkuku wala pale mlingoti unapoketi, ambapo maji hutuama na kuoza huanza kimyakimya. Aliona mbao za aina tatu upande mmoja akasifu ufundi wa kupanga rangi; kumbe kila aina ilikuwa kumbukumbu ya mahali chombo kilipotoboka. Tanga alilitazama likiwa limekunjwa, wala hakulisukuma kwa kidole gumba kwenye mishono, ambako jua hula nyuzi mwanzo.

Zaidi ya yote hakuliona dumu. Kila mashua ina dumu lililokatwa la kutolea maji. La mashua nzima limekauka, pengine buibui amejenga. La ile ya buluu ukingo wake ulikuwa umelika hadi kuwa mwembamba. Muuzaji alipaka rangi chombo kizima, akasahau kubadilisha dumu. Seremala akalipa.

Safari ya kwanza haikuua mtu. Rangi ilianza kubanduka wakiwa bado wanaona nchi, na nahodha wa kukodi akamkabidhi tajiri wake dumu bila maelezo. Upepo wa kusini-mashariki ulipoongezeka, tanga likafunguka mshono kutoka juu hadi chini. Walirudi kwa makasia. Dagaa aliowapakia, waliokuwa wameanikwa wakakauka vizuri, walikuwa wameloa tena, na dagaa aliyeloa mara ya pili hanunuliki hata kwa kulisha kuku. Ile mashua yenye nyufa ilikuwa imekwisha nunuliwa na kijana wa Kibirizi, kwa bei ya chini, na ilikuwa inaelea.

Msomaji unayewaza kununua, nenda na fundi wako mwenyewe, asiwe ndugu wala jirani wa muuzaji. Na mfike mwaloni alfajiri, kabla watu hawajatoa maji yaliyoingia usiku. Ikifika saa nne asubuhi, mashua zote Kigoma ni kavu.