Suti Anajiandaa kwa Usaili

Kliniki ya mkojo imefungwa tangu saa kumi. Daktari, ambaye kesho ana usaili wa kazi ya daktari bingwa katika hospitali moja binafsi jijini Dar es Salaam, alibaki kujisomea maswali mpaka njaa ikamtoa nje kutafuta chipsi mayai. Nyuma ya mlango amening'inia Suti, bado ndani ya nailoni ya dobi. Suti hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja, ndiyo maana ana majibu yote.

SUTI: (akijikohoza) "Tueleze ulivyomhudumia mgonjwa msumbufu." Ahsanteni kwa swali zuri. Nitalijibu kwa mafungu manne: hali, jukumu, nilichofanya, matokeo. Hali: alikuja mzee mmoja mkali, mbishi, asiyetoa ushirikiano...

GLOVU: (kutoka ndani ya boksi) Shikamoo, Mzee Suti. Mzee gani huyo?

SUTI: Marahaba, kijana. Mzee yeyote. Jopo halina haja na mzee, lina haja na mimi.

BIBI FAILI: Kama ni yule wa Kibiti, amelala humu kwenye kurasa zangu, mwanangu. Ameandikwa msumbufu mara tatu. Mara ya kwanza: "Amekataa kipimo cha kidole."

GLOVU: Siku ile alivaliwa kaka yangu. Kabla hajatupwa kwenye ndoo alitusimulia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani wamejaa wanafunzi, karani anatafuta cheti cha mtu mwingine, mama wa usafi anapiga deki. Mzee akaambiwa, "Shusha suruali, lala ubavu." Hakuna aliyemwambia kwamba tezi dume iko mbele tu ya njia ya haja kubwa, na kwamba kidole ndicho kinachohisi kama imekuwa ngumu au ina uvimbe. Aliuliza kama ni lazima. Akaandikwa amekataa.

SUTI: Hapo nitasema, "Nilijenga mazingira ya kuaminiana."

GLOVU: Ungefunga mlango ingetosha.

BIBI FAILI: Mara ya pili: "Amechomoa mpira mwenyewe. Damu. Msumbufu."

MPIRA WA MKOJO: Hapo naomba nafasi, maana aliyechomolewa ni wa ukoo wangu. Sisi ni akina Foley, jina la daktari wa Marekani aliyetuunda miaka ya 1930. Nchani tuna puto. Tukishaingia kibofuni linajazwa maji, mililita 10 hivi, tusichomoke. Mzee alikuja mkojo umeziba, tumbo limejaa, hawezi hata kukaa. Ndugu yangu akatoa zaidi ya lita moja. Nakwambia, siku ile mpira ulibarikiwa kuliko daktari! Wakarudi wote Kibiti, mfuko umefungwa mguuni. Habari za puto hakuambiwa. Mpira ulipoziba, usiku, hospitali iko mbali, akauvuta kama anayeng'oa muhogo.

SUTI: Inasikitisha. Lakini mimi nina dakika 2 tu. Nitasema nilijiweka kwenye viatu vyake.

GLOVU: Alivaa kandambili.

(Swali hili la mgonjwa msumbufu huulizwa mahali pengi wanapoajiriwa madaktari, nami bado sijasikia jibu ambalo daktari si shujaa wake. Mgonjwa huingia akifoka na kutoka akishukuru, yote ndani ya dakika zile 2. Turudi chumbani.)

BIBI FAILI: Mara ya tatu, na hii ndiyo yenyewe: "Ameacha dawa bila sababu."

SUTI: Safi kabisa! Mgonjwa anakataa dawa, mimi namwelimisha umuhimu wa dawa, anaelewa. Matokeo hayo.

BIBI FAILI: Sababu alikuwa nayo, mwanangu. Alipewa tamsulosini, vidonge vya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu na tezi ili mkojo upite. Vinamsaidia mtu, lakini akisimama ghafla anaweza kupata kizunguzungu, na wengine manii huacha kutoka. Daktari alimuuliza, "Vidonge vinakusumbua?" Pembeni amekaa binti yake, ndiye aliyemleta. Sasa mzee aseme nini mbele ya mwanawe? Akasema, "Naendelea vizuri." Akafika nyumbani, vidonge akavitupa.

GLOVU: Ikajulikanaje sasa?

BIBI FAILI: Muuguzi. Hii hapa hati yake, ndogondogo, pembeni ya ukurasa. Alimtuma binti dirisha la dawa, akavuta kiti, akasema, "Baba, tumebaki wawili." Mzee akamwaga yote: "Nikimaliza hakitoki kitu. Mama watoto anasema nina mwingine." Muuguzi akamwambia ni dawa inayofanya hivyo, hali hiyo haina madhara, na si yeye peke yake. Akaomba mkewe naye aitwe siku nyingine.

SUTI: (akijinyoosha ndani ya nailoni) Hii ni dhahabu! "Nikagundua kwamba nyuma ya ubishi kuna hofu. Nikamwondoa binti kwa busara..."

BIBI FAILI: Nani kamwondoa?

SUTI: Bibi, kwenye usaili kila kitu ni "mimi." Na matokeo: "Tukamfanyia upasuaji, vidonge vikaisha, mzee akapona, akalia kwa furaha."

MPIRA WA MKOJO: Upasuaji upi?

SUTI: Ule wa kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo. Nimeuona kwenye karatasi za daktari mezani.

MPIRA WA MKOJO: Basi umekwisha. Baada ya upasuaji huo wanaume wengi manii hurudi kibofuni badala ya kutoka, na mara nyingi hali hiyo haiondoki. Dawa ukiiacha, mambo hurudi. Umemtoa mzee kwenye kile alichokilalamikia ukamfungia humohumo, kisha unasema kalia kwa furaha. Bingwa mwenzako kwenye jopo atakuuliza jambo moja tu: "Ulimwambia kabla hajatia saini?"

(Nailoni inachakarisha. Suti amenyamaza.)

GLOVU: Kwani jopo lina nani na nani?

SUTI: Barua iko mfuko wa ndani. Ngoja... Mganga mkuu. Bingwa wa mfumo wa mkojo. Afisa utumishi. Na... muuguzi mkuu.

BIBI FAILI: Ehee.

GLOVU: Muuguzi mkuu! Huyo atakuuliza jina la aliyevuta kiti.

SUTI: Bibi Faili, shikamoo.

BIBI FAILI: Marahaba. Leo ndiyo unaniamkia?

SUTI: Ile hati ndogondogo ya pembeni, unaweza kunisomea tena, polepole? Hasa pale kwenye saini.