Risasi Moja na Wingu la Moshi: Mwongozo kwa Mwindaji Mwenye Haraka

Kila mwaka Krismasi ikishapita, watu wazima wenye akili zao timamu huacha nyumbani bunduki za darubini na kuingia katika misitu yenye theluji ya Pennsylvania, Marekani, wakiwa na silaha ya enzi za mababu: bunduki ya gumegume, ile inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Jimbo hilo liliwatengea msimu wao wa kuwinda kulungu mwaka 1974, na mpaka leo wanautetea kama shamba la urithi.

Wewe msomaji una haraka. Chai unaichemsha kwa umeme, barua unaituma kwa kidole, na lifti ikichelewa unaibonyeza tena na tena. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako hasa, kwa kuwa hakuna dawa ya haraka inayofanya kazi upesi kuliko gumegume.

Hatua ya 1: Nunua bunduki, usinunue vazi la sinema

Bunduki za asili, zilizotengenezwa katika karne ya 18 na mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi katika eneo la Lancaster jimboni humo, zina thamani kubwa mno kuburutwa vichakani. Utakayobeba ni nakala. Nyingi hutoka Gardone Val Trompia nchini Italia, ambako kampuni ya Davide Pedersoli ilianza mwaka 1957. Nyingine ni za Kimarekani, kama Hawken ya Thompson/Center iliyoingia sokoni mwaka 1970, ambayo inafanana kwa mbali tu na bunduki za akina Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis.

Muuzaji atakuonyesha shaba inayong'aa na koti la ngozi lenye matamvua. Wewe muulize habari za michirizi ya ndani ya mtutu. Risasi ya mviringo inayofungwa kitambaa hupenda michirizi inayojipinda polepole, mzunguko mmoja katika inchi 60 au 66. Mzunguko wa inchi 48 ni wa kati na kati, unaokubali risasi ya mviringo na ile ndefu pia. Ukitoka dukani unaijua michirizi, umenunua bunduki. Ukitoka unayajua matamvua tu, umenunua nguo.

Hatua ya 2: Shindilia kwa mpangilio, kila siku uleule

Kwanza baruti, pili risasi, mwisho baruti ya kifa, yaani kile kisahani kidogo kilicho ubavuni mwa mtutu. Atakayetanguliza risasi ataziba bunduki yake mwenyewe na kushinda chini ya mti akiikokoa, huku kulungu wakipita.

Baruti yenyewe ni ile nyeusi ya kale: shura sehemu 75, mkaa 15, kiberiti 10. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiikaribishe hata kidogo. Nguvu yake itaupasua mtutu. Fuata kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji, na ukipime kwa kikombe chake. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti, maana cheche iliyosalia ndani ya mtutu inaweza kuilipua pembe nzima mkononi mwako.

Sasa funika mdomo wa mtutu kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, weka risasi juu yake, kisha isukume kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ikalie baruti sawasawa. Pengo likibaki kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka. Kwa hiyo chora alama kwenye mdeki inayoonyesha bunduki ikiwa tupu, na nyingine ikiwa imeshindiliwa. Alama hizo mbili zitakuzuia pia kushindilia mara mbili, kosa ambalo msisimko huwafanyisha hata wazoefu. Na muda wote huo, uso wako usikae juu ya mdomo wa mtutu.

Hatua ya 3: Ilinde baruti kama mboni ya jicho

Gumegume hufanya kazi kwa jiwe kukwaruza bamba la chuma. Cheche za chuma huangukia baruti laini iliyo kwenye kifa, moto ukapenya kwenye tundu dogo, na baruti ya ndani ikalipuka. Tone moja la theluji likiingia, safari yote hiyo inaishia kwenye matope meusi. Funika mtambo kwa kipande cha ngozi kilichopakwa nta, zibua tundu kwa sindano, na badilisha baruti ya kifa mara kwa mara hata kama unaona bado kavu. Jiwe nalo lifunge kwa ngozi lisicheze, na likiwa butu litengeneze makali upya. Jiwe butu hutoa mlio tu, na mlio haujawahi kuangusha mnyama.

Hatua ya 4: Msogelee kulungu, maana risasi haitamfuata mbali

Kulungu wa mkia mweupe ana pua inayokusoma kabla hujamwona. Kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako. Risasi ya mviringo ya mtutu wa nusu inchi ina uzito wa gramu kama 11, na huishiwa kasi upesi hewani. Mita 50 ni umbali mzuri. Mita 70 ni wa aliyefanya mazoezi kweli. Lenga nyuma ya bega, penye mapafu, mnyama akiwa amekugeuzia ubavu.

Na hapa ndipo penye kiini cha mchezo wote. Risasi ya pili iko mfukoni mwako, na kuishindilia kutakuchukua nusu dakika au zaidi ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Mwenye magazini iliyojaa anaweza kujidanganya kwamba atarekebisha kwa risasi inayofuata. Wewe huna pa kurekebishia. Usipokuwa na hakika, usifyatue. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia korongoni ni deni ambalo mwindaji hana pa kulilipia, na bunduki hii inakulazimisha kulifikiria deni hilo kabla ya kulikopa.

Hatua ya 5: Fyatua, kisha tulia kama mlingoti

Kati ya cheche ya kifa na mlipuko wa ndani kuna kitambo kidogo, nacho kinatosha kabisa kukuharibia shabaha. Mwanga utakumulika usoni na mwili utataka kuruka. Ukatalie. Shika shabaha mpaka bunduki ikusukume begani.

Isipolipuka, usigeuze mtutu kuuchungulia. Uelekeze pasipo na mtu na usubiri dakika nzima, kwa sababu moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani.

Ikilipuka, wingu jeupe litakufunika na kulungu atatoweka machoni. Inama uchungulie chini ya moshi, na kariri aliposimama na alikoelekea. Shindilia tena kwanza. Mpe nusu saa, ndipo ufuate damu tone kwa tone, kwani kulungu aliyepigwa vizuri mapafuni huweza kukimbia kitambo kabla ya kuanguka. Ukimfuata mbiombio utamfukuza mbali zaidi.

Hatua ya 6: Osha kabla ya kujisifu

Masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu na huanza kuula mtutu usiku huohuo. Ukifika nyumbani hakikisha bunduki ni tupu, kisha chemsha maji, tia sabuni, sugua mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha, paka mafuta. Hadithi za mawindo na nyama ya kuchoma zitangoja.

Anayeziona hatua hizi kuwa nyingi aiache gumegume dukani, na hakuna atakayemcheka. Anayezikubali zote atagundua, katikati ya msimu, kwamba amekwisha kujua upepo unatoka wapi, umbali wake wa kufyatua ni upi, na ni lini anyamaze bila kufyatua. Kulungu anastahili mwindaji wa namna hiyo, na bunduki hii humtengeneza, apende asipende.