Mgongo Wangu na Mawimbi ya Redio

Tangu mtaa usikie kwamba mgongo wangu umetibiwa kwa mawimbi ya redio, kila apitaye barazani anauliza nimeshika stesheni gani. Wacheke tu. Masafa yenyewe ni kama kilohezi 500, chini kidogo ya pale redio za mkulima zinapoanzia masafa ya kati.

Kero yangu mimi ni kungojeshwa. Hawakuunguzi mishipa ya fahamu kwa mawimbi hayo hivi hivi. Kwanza wanaidunga ganzi ya majaribio ile midogo inayopeleka maumivu kutoka kwenye maungio ya pingili, waone kama ndiyo yenye kosa. Hapo ndipo penye ukatili. Mchana niliinama nikafunga kamba za viatu bila kumwita marehemu mama. Jioni ganzi ikaisha, maumivu yakarudi kama mwenye nyumba tarehe mosi. Nikampigia daktari kulalamika, naye akafurahi! Kumbe ndilo jibu alilokuwa akilitaka. Na jaribio hilo mara nyingi hurudiwa.

Siku ya kuunguzwa unalala kifudifudi, macho makavu. Kwa kawaida hakuna nusukaputi, ni ganzi ya mahali na pengine dawa ya kukutuliza. Sindano inaongozwa kwa eksirei. Kisha daktari anapitisha umeme kidogo, anauliza: "Mzee, mguu unacheza?" Kwa umri huu! Ukicheza, sindano inasogezwa, maana imekaribia mshipa unaoendesha misuli. Ncha inapashwa joto hadi nyuzi 80 hivi, dakika moja au moja na nusu kwa kila mshipa, basi. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila usukani mwachie mwingine.

Kesho yake akaja shemeji kukagua, akanikuta nagugumia. "Na hela zote zile?" Shemeji, mgongo huweza kuuma zaidi kwa siku kadhaa, hata wiki 2, na nafuu huchukua wiki 2 au 3 kuonekana. Ikija, wengi hukaa nayo miezi 6 hadi 12, wengine zaidi. Halafu mishipa huota tena! Hilo shemeji sijamwambia, na nyie msimwambie.

Nawe unayekwenda, mweleze daktari mapema kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, au una betri ya moyo. Mashemeji waalike kuanzia wiki ya nne.