Mia ya Fundi

Tivii yangu ilikufa dakika ya 70 ya mechi ya watani wa jadi, ikabaki na sauti. Hilo la sauti ndilo lililoniuma. Kitu kikifa kife chote tukizike. Hiki changu kilituachia mtangazaji anayepiga mayowe gizani, na sisi watu tisa tumekodolea kioo cheusi tukijitazama sura zetu.

Shemeji, ambaye hakosi kwangu panapokuwa na mechi na wali kwa pamoja, akawasha tochi ya simu akamulika kioo. "Si huyo hapo anakimbia!" Kweli bwana. Ukisogeza pua karibu, ndani ya ule mduara wa mwanga walionekana wachezaji wanapita kama kambare kwenye tope. Mechi tukaimalizia hivyo, shemeji akiufukuza mpira kwa tochi, na hana shabaha: mpira uko kushoto, yeye anatumulikia bango la soda.

Mimi mchawi wangu nilikuwa nimeshampata zamani, ni umeme. Mtaa wetu una transfoma moja iliyobeba mji mzima mgongoni. Saa moja jioni majagi yakishawashwa na pasi zikichomekwa, feni yangu inazunguka mpaka unahesabu mapanga yake. Ndiyo maana nilinunua gadi, ile ya kuchomeka ukutani inayokata umeme ukishuka sana au ukipanda sana. Muuzaji akanipa ya friji. Mimi nikajua gadi ni gadi.

Kumbe ya friji ina tabia zake. Umeme ukitetereka inakata, halafu inangoja kama dakika tatu ndipo irudishe, ili kompresa ipumue. Kwa friji ni jambo la busara. Kwa mtu anayeangalia penalti ni kumtafutia presha. Mwaka mzima nimeona penalti nusunusu: jamaa anaweka mpira, anarudi nyuma hatua nne, tik! Dakika tatu baadaye watu wanakumbatiana na mimi sijui wanakumbatiana kwa lipi. Nikawa najifariji kwamba walau tivii ipo salama.

Basi nikaibeba mpaka kwa fundi, nikiwa na hotuba yangu dhidi ya umeme. Hakunisikiliza. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye kibandiko cha mgongoni: 100-240V. "Mzee, hii hata umeme wenu ukishuka mpaka 150 yenyewe inakula tu. Pawasaplai yake inaupokea wowote ule katikati ya hapo, inautengeneza upya huko ndani. Umeme ukiwa mdogo inavuta mkondo zaidi kidogo, maisha yanaendelea." Akaniuliza friji nimeichomeka kwenye nini.

Friji, ndugu msomaji, nilikuwa nimeichomeka ukutani kavukavu. Ile yenye kompresa inayogoma kuwaka umeme ukiwa mdogo, ikavuta mkondo mpaka ikajipika yenyewe, sikuipa ulinzi. Mlinzi nimemweka kwa asiyehitaji, tena mlinzi mwenyewe anamfungia nje mwenye nyumba.

Fundi akaifungua tivii. Shemeji alikuwa amenisindikiza, naye ana ugonjwa wa kushika vitu. Alipopeleka kidole kwenye bodi, fundi akamchapa mkono. Kulikuwa na kapasita nene kama betri ya tochi. Fundi akasema ile hukaa na volti zaidi ya 300, na hata ukishachomoa waya inaweza kubaki nazo kwa muda, haina haraka. Kuanzia hapo shemeji alikaa mikono mfukoni. Sijawahi kumpenda fundi kama siku ile.

Nyuma ya kioo kumbe kuna mikanda ya vitaa vidogo vya LED, na picha yote unayoiona inamulikwa na hivyo. Vyangu vilifungwa mfululizo, kama watu walioshikana mikono kuvuka mto: mmoja akiachia, wote wamekwenda. Kimoja kilikuwa na doa jeusi katikati. Kimoja tu! Nikamwambia fundi abadilishe hicho hicho, mimi si mtoto wa waziri. Akakataa. Wenzake nao wamechoka, akasema, wiki ijayo utanirudia na hotuba nyingine. Tukabishana bei mpaka muuza kahawa akapita mara mbili.

Ndipo nikauliza, kama si umeme, nani kaua? Akaniuliza mwanga wa picha niliuweka ngapi. Nikasema mia, kwani kuna namba nyingine? Dukani iling'aa hivyo, nami nilinunua kile nilichokiona.

"Basi umeua mwenyewe, mzee. Na kiwandani walikusaidia."

Akanieleza akiwa ameshika koleo, na sitadai nilielewa yote. Taa hizi hazitawaliwi kwa volti, zinatawaliwa kwa mkondo. Kitaa kikipata moto kinalegea, kinataka volti pungufu. Ukiishikilia volti palepale, mkondo unapanda, moto unazidi, kinalegea tena, mpaka kiungue. Kwa hiyo bodi imepewa kazi ya kuushika mkondo usizidi kipimo. Shida ni hicho kipimo, maana tivii inayofifia dukani haipati mnunuzi, kwa hiyo wakati mwingine wanakipandisha mpaka ukingoni. Tivii yangu ya zamani ya chogo ilikaa miaka 14, picha yake kama unachungulia kwenye chandarua, na hakuna aliyelalamika.

Alipomaliza mikanda akatafuta rizista mbili ndogo zilizokaa ubavu kwa ubavu, hizo ndizo bodi inazozitumia kupima mkondo. Akang'oa moja. Mita iliyokuwa ikisoma miliampea 600 ikasoma 400. Mimi roho iliruka, maana nimezoea kwamba fundi akitoa kitu ndiyo umeibiwa. Yeye akanikabidhi kile kipande mkononi, kidogo kuliko punje ya mchele. "Sasa weka mia ukitaka. Hii ni mia yangu, si mia ya kiwanda."

Gadi nimeihamishia kwa friji, na mama watoto hajaniuliza ilikuwa inafanya nini kule sebuleni mwaka mzima. Naomba aendelee hivyo hivyo.

Jumamosi shemeji akaja, wali ukiwa bado jikoni. Akakaa, akaitazama tivii, akakunja uso. "Mbona picha imepooza hivi? Fundi wako kakupiga." Akachukua rimoti bila kuomba, akaingia kwenye mipangilio, akakuta 50. Akapandisha mpaka mia, akajiegemeza kwenye kochi. "Umeona? Sasa hii ndiyo tivii."

Nikamwambia ahsante, shemeji. Rizista ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu.