Utukufu wa Gari Linalovuja Oili

Katika vyombo vyote vilivyowahi kupewa magurudumu, hakuna kilichosemwa vibaya kama gari la spoti la Kiingereza la zamani. Mafundi hulicheka, majirani huomba lisiegeshwe mbele ya geti lao, na mwenye nalo hulitetea kwa sauti ya mzazi aliyeitwa shuleni. Ni haki basi lipate wa kulisifu, na wa kulisifu awe mtu aliyewahi kulisukuma.

Ili sifa zisielee hewani, zielekezwe kwa MGB, gari la kampuni ya MG, maana wengi wanaopatwa na ugonjwa huu huanza nalo. Liliundwa Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na likihesabiwa pamoja na ndugu zake wa karibu, yaliundwa zaidi ya magari 500,000. Lile la wazi lina viti viwili, paa la turubai na injini ya cc 1,798 iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 95. Probox ya cc 1,500 inayokimbiza miraa kutoka Meru ina nguvu zaidi. Lakini Probox haijawahi kumfanya mtu mzima, mwenye akili timamu na watoto wa kusomesha, auze kiwanja ili awe na ya pili ya kutolea spea.

Sifa kuu ya gari hili ni uwazi.

Gari la kisasa huficha maradhi. Huwasha taa ya njano kwenye dashibodi na kunyamaza, na maana ya taa ile huijua mwenye kompyuta, naye hulipwa kwa kuisoma tu. MGB halina siri na mwenyewe. Usiku kucha huandika taarifa sakafuni, na asubuhi mwenyewe huisoma kabla ya chai. Tone jeusi limetoka kwenye injini. Tone zito lenye harufu ya kiberiti limetoka kwenye difu ya nyuma. Maji ya kijani ni ya rejeta. Majimaji membamba yaliyoteleza ndani ya gurudumu ni ya breki, na hiyo ni taarifa ya kusomwa haraka kidogo kuliko nyingine. Ni wizara gani hutoa ripoti kila siku bila kuombwa na Bunge? Hesabu za mashirika ya umma husubiriwa mwaka mzima, hukaguliwa, kisha hupewa hati yenye mashaka. Hesabu za MGB huwa sakafuni alfajiri, bado mbichi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuzikuta pungufu.

Wasiojua hudhani kuvuja huku ni uzembe wa mfanyakazi mmoja aliyelewa. La. Kulichorwa kwenye karatasi na wahandisi. Kaka mkubwa wa ukoo huu, MG TC lililoundwa kuanzia 1945 hadi 1949, halikuwa na sili ya mpira nyuma ya krankishafti. Lilikuwa na mfereji wa mzunguko uliochongwa kwenye chuma, ambao huirudisha oili ndani wakati injini inazunguka. Injini ikizimwa, mfereji nao hupumzika, na oili hufuata njia zake. Kwa maneno mengine, gari hili halivuji likiendeshwa vizuri. Huvuja kwa kuachwa peke yake. Mwenye moyo mgumu ataliita hilo kasoro. Mwenye kulipenda ataona ni upweke.

Na faida haziishii hapo. Wenye magari haya Uingereza wana usemi wa siku nyingi kwamba gari likiacha kuvuja ndipo uogope, kwa sababu oili imekwisha. Ni mzaha, lakini ni kipimo kinachoaminika kuliko geji. Isitoshe, chuma kilicholowa oili hakishiki kutu. Mtu akilala chini ya MGB la umri wa miaka 55 atakuta eneo linalozunguka giaboksi likiwa jipya kabisa, limehifadhiwa chini ya tabaka la uchafu mweusi ambalo hakuna kiwanda cha rangi kingeweza kulipaka kwa uvumilivu wa namna hiyo. Kama gari zima lingevuja, lingeishi milele. Kosa la wahandisi wa Abingdon lilikuwa kuweka mipaka.

Sifa nyingine zitajwe kwa mkato. Gari hili hufundisha unyenyekevu, kwa njia ya umeme. Vifaa vyake vilitoka Lucas ya Birmingham, kampuni ya Joseph Lucas, mtu aliyeanza maisha kwa kuuza mafuta ya taa kwa mkokoteni. Kuna usiku ambao mwenye MGB hutamani Lucas angebaki na biashara ile. Watani walimpa cheo cha Mwanamfalme wa Giza. MGB za mwanzo zilikuwa na fyuzi mbili kwa gari zima, na taa kubwa za mbele hazikupewa hata moja. Betri nazo zilikuwa mbili, kila moja ya volti 6, zimefichwa nyuma ya viti chini ya kapeti, mahali ambapo hakuna mtu angezikumbuka mpaka siku zitakapokumbukwa kwa lazima. Ili haki itendeke, makosa mengi anayosingiziwa Lucas ni ya wamiliki waliofuata, wale walioongeza redio, kengele ya wizi na taa za ukungu kwa waya wa kengele ya mlango.

Hufundisha pia historia. Bolti za injini ya TC zina hesi za mita, lakini vichwa vyake vimekatwa kwa spana za Kiingereza za Whitworth. Sababu ni kwamba kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss ilihamishia Coventry mashine zake za kutengeneza silaha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha ikageukia injini, na mwaka 1923 William Morris, aliyekuwa mwenye MG, akalinunua tawi hilo la Coventry pamoja na mashine zake za Kifaransa. Mafundi wa Kiingereza hawakuwa na spana za mita, kwa hiyo vichwa vikafanywa vya Kiingereza na shingo zikabaki za Kifaransa. Anayetafuta nati moja iliyodondoka chini ya injini anatafuta mapatano ya mataifa mawili.

Hufundisha na mazoezi ya viungo. Pampu ya petroli ya SU iko nyuma, na hutoa mlio wa tik-tik wa kutuliza moyo hadi pointi zake zinaposhikana. Hapo gari huzimika. Tiba inayokubalika ni kushuka, kuinama karibu na gurudumu la nyuma na kuigonga pampu kwa kitu kizito. Tiba hiyo hufanya kazi, na hilo ndilo linalouma: kwamba mwandishi wa sifa hizi amepiga magoti kwenye tope, mvua ikimwingia shingoni, malori yakimpita sikioni, akipiga kwa kiatu chake kifaa ambacho kilimjibu kwa furaha kana kwamba kilikuwa kikisubiri kuheshimiwa.

Inabaki kutu, na hapa sauti ya kusifu inaanza kukauka. Mkazi wa Mombasa au Zanzibar anajua upepo wa bahari unavyokula bati. Waingereza hawakusubiri bahari. Wao humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Zaidi ya nusu ya MGB zote ziliuzwa Amerika Kaskazini, na zile zilizokaa California sasa hurudishwa nyumbani kama mahujaji, bodi zao kavu, usukani upande wa kushoto. Gari la Kiingereza lililotunzika vizuri mara nyingi ni lile lililoihama Uingereza mapema.

MGB halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi, na uzito wake hubebwa na vizingiti, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Maji huingia ndani yake, matope hukaa, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Kibaya zaidi ni kwamba kwa nje panaweza kung'aa. Mtu huchukua bati jembamba, akalichomelea juu ya lililooza, akapaka bodifila, akasugua kwa msasa, akapiga rangi nyekundu, kisha akapiga picha jua linapozama. Njia ya kumgundua ni rahisi: inua gari kwa jeki karibu na katikati, kisha jaribu kufungua mlango. Mlango ukigoma, gari limepinda, na kinacholishikilia ni fila na dua.

Gari lenyewe halikufanya haya. Gari lilivuja, likazima, likakataa kuwaka mbele ya wakwe, na kila mara lilisema kweli. Aliyesema vingine ni binadamu.

Msikilize anapotangaza. "Lilikuwa linatembea lilipoegeshwa." Titanic nayo ilikuwa inaelea ilipoondoka Southampton. "Linahitaji kazi ndogo kumalizia," na mwenyewe, mwenye gereji, zana na muda, ameshindwa kuifanya kazi hiyo ndogo tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. "Limetengenezwa bila kujali gharama," maneno ambayo hufuatwa na bei inayozijali zote. "Linauzwa kwa uchungu." Wa nani? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa hakika magari mazuri kabisa hayatangazwi. Huhama kimya kimya kutoka kwa mwanachama wa klabu kwenda kwa mwenzake, kwa sababu kila mmoja anajua aliyelichomelea na alitumia nini.

Nyumba za minada ni bora zaidi kwa adabu, na adabu hiyo hulipiwa. Gari huingia likisukumwa au likiendeshwa mita chache, huuzwa kama lilivyo, na juu ya bei ya nyundo mnunuzi hulipa asilimia ya mnada, wakati muuzaji naye huwa amekatwa yake. Mpangaji wa Dar es Salaam anayelipa dalali kodi ya mwezi mzima kwa kuonyeshwa mlango ataielewa desturi hii bila kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba dalali wake hakumpa kitabu cha picha chenye karatasi ya kung'aa.

Serikali nayo haikukaa kando. Uingereza, gari likitimiza miaka 40 mwenyewe anaweza kuomba lisamehewe kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka ilimradi halijabadilishwa sana. Hoja ni kwamba magari haya hutunzwa vizuri na huendeshwa kidogo. Kwa hiyo Toyota ya miaka mitatu hupelekwa kwa mkaguzi kwa lazima, na MGB la 1965 lenye vizingiti vya fila na waya wa kengele huruhusiwa barabara kuu kwa heshima ya umri. Ni vizuri kuheshimu wazee. Hata hivyo wazee wa kawaida hupimwa presha.

Kisha akaja mwekezaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya zamani zilipaa, Jaguar E-Type likanunuliwa kama hisa na watu wasiojua kijiti cha kupimia oili kiko upande gani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaporomoka. Waliobaki hawakujifunza. Leo kuna magari yanayowekwa ndani ya mapovu ya plastiki yanayopulizwa hewa kavu, hayawashwi, hayaguswi, yanasubiri bei. Nairobi, kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, majaji huinama mpaka chini ya gari kutafuta uchafu, lakini angalau gari hilo limefika pale na watu wamelizunguka. Lile lililo ndani ya povu halina hata nafasi ya kuvuja.

Na kabla yao wote walikuwepo wenye kampuni. British Leyland ilizaliwa 1968 kwa kuunganisha viwanda vilivyokuwa vikishindana, MG ikiwemo, na 1975 serikali ikaichukua. MGB likaendelea kuuzwa mwaka baada ya mwaka bila gari jipya la kulirithi. Kilichobadilika kwa kuonekana ni bampa za mpira mweusi za 1974, zilizowekwa kwa sababu ya sheria za Marekani, na bodi iliyoinuliwa juu mpaka ikayumba kwenye kona. Mwezi Septemba 1979 mji wa Abingdon ulisherehekea miaka 50 ya MG kuwa mjini hapo. Siku iliyofuata sherehe, tarehe 10, uongozi ulitangaza kwamba utengenezaji wa MG hapo utakoma. Hawakusubiri hata mapambo yashushwe. Jina hilo sasa ni mali ya SAIC ya China, na hubandikwa hata kwenye magari ya umeme ya familia, ambayo hayana oili ya injini ya kuvuja.

Bado watu watalinunua, na wana haki. Injini yake hutengenezeka kwa spea zinazopatikana, umeme wake hutulia ukisafishwa viungio, na tangu 1988 British Motor Heritage imekuwa ikiunda bodi mpya za MGB kwa kutumia mashine za zamani. Kinachomaliza pesa ni bodi, basi bodi ndiyo ikaguliwe kwanza. Msomaji atakayekwenda kulitazama aende na sumaku, jeki na rafiki asiyelipenda gari hilo. Ainue kapeti mwenyewe. Amwombe muuzaji asiliwashe kabla hajafika, kisha aguse boneti. Akiikuta ina joto, au akikuta sakafu imepigwa deki asubuhi hiyo na haina tone hata moja, aage kwa adabu na aondoke.