Barua ya Wazi kwa Wazee wa Kanisa Letu

Kwa Mchungaji Kiongozi, Baraza la Wazee na Idara ya Maombezi,
Mbagala, Temeke.

YAH: OMBI LA KUMPATIA PEPO KADI YA USHIRIKA



Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muumini mwenzenu, natoa zaka, na ni mama mdogo wa yule mnayemwita mbele kila ibada inapofika kwenye maombezi. Hamna haja ya kukumbushwa ni nani. Mlipombatiza mliandika mtoto wa kiume. Leo anaishi kama mwanamke, anasuka nywele, anavaa gauni refu kuliko baadhi ya wanakwaya wetu. Akija ibadani hamgusi mtu wala haombi kipaza sauti. Anakuja kusali.

Naandika kwa unyenyekevu kuhusu huyo pepo wake. Kwa maelezo yenu wenyewe, pepo huyo amekemewa, amefungwa, amechomwa moto na kurudishwa kuzimu, na Jumapili inayofuata mnamkuta palepale. Wapo wazee wa kanisa ambao kwa mahudhurio hawamfikii. Kuendelea kumwita mgeni ni kumwonea.

Basi, kwanza, naomba apewe kadi ya ushirika na namba ya bahasha, maana kukaa bure kwenye nyumba ya watu si ustaarabu. Apangiwe jumuiya, napendekeza ya kwetu, tumeshamzoea. Ahudhurie darasa la waongofu wapya, ingawa kwa jinsi alivyosikia mahubiri, mwalimu atapata shida. Akichelewesha mchango wa mabati, jina lake lisomwe mbele kama yetu. Kisha aingizwe Kamati ya Ujenzi: msingi wetu unatitia kila masika, na hatuna mwanakamati mwingine aliyethibitisha kwamba akikaa mahali hang'oki. Mhazini naye afungue kasma ya pepo: betri za kipaza sauti, mafuta ya upako, pipi za koo za mtumishi, na posho ya wale vijana wawili wanaosimama nyuma kudaka. Mwisho wa mwaka taarifa isomwe, tujue pepo mmoja ameligharimu kanisa kiasi gani, na kama fedha hizo zisingetosha kumlipia mjane kodi ya chumba pale Charambe.

Vijana wa kudaka nawahurumia, kwa kuwa mara nyingi hawadaki kitu. Mtumishi anaweka kiganja kwenye paji la uso, anasukuma, mwanangu anabaki wima. Anasukuma tena. Shingo inakwenda nyuma, mafuta yanatiririka mpaka machoni, hereni inanasa kwenye kifungo cha shati la mtumishi. Siku moja alianguka. Alianguka kwa sababu alisukumwa, nanyi mkapiga makofi na vigelegele. Mtu mzima anasukumwa kama mlango uliokwama, watoto wa Sunday School wanatazama, na mnaliita tendo hilo upendo! Wale akina mama walionyoosha mikono kumwelekea, Jumamosi iliyotangulia vichwa vyao vilikuwa mapajani mwake wakisukwa rasta, wengine kwa mkopo. Deni hilo sijasikia likikemewa.

Samahani wazee wangu, nimepandisha sauti. Niendelee.

Pili, Idara ya Maombezi isome Matendo ya Mitume sura ya 8. Filipo alipokutana na towashi Mkushi kwenye njia ya Gaza hakuita kikosi cha kudaka. Walishuka majini, akambatiza, kila mtu akaenda zake. Sisemi mwanangu ni towashi. Nasema Filipo angeweza kuanza kuhoji habari za mwili wa mwenzake, Kumbukumbu la Torati sura ya 23, inayomzuia towashi kuingia kusanyikoni, ikiwa upande wake, wala hakuhoji.

Tatu, jina. Isaya 56 inawaahidi matowashi jina ndani ya nyumba ya Mungu, tena bora kuliko la wana na mabinti. Hapo jirani, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke mwenye historia kama ya mwanangu, na kuondoa alama ya jinsia. Sisi hatuombi cheti, tunaomba jina litajwe tu. Mwanangu alipolazwa mlisoma majina ya wagonjwa wote, lake mkaliruka.

Nne, simu zenu. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa, Paul Makonda, alitutaka wakazi wa Dar es Salaam tumtumie majina ya mashoga, akatangaza kamati ya watu 17. Ndani ya siku chache akasema amepokea ujumbe 5,763. Wizara ya Mambo ya Nje ikaja kusema hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Lakini ujumbe ulikuwa umeshatumwa, na haukutumwa na mapepo. Majuma yale tulilala taa zimezimwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyebisha hodi kuuliza kama tumekula. Aliyebisha aliuliza kama mwanangu yupo.

Na anayetaka kunitajia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume cha maumbile, kifungo cha miaka 30 mpaka maisha, akisome kwanza. Kinahukumu tendo. Hakina neno juu ya gauni, hereni, wala mtu kukaa benchi la nne.

Sijawaomba mbadili mahubiri. Mzinzi anahubiriwa akiwa amekaa. Mla rushwa anahubiriwa akiwa amekaa, tena kiti cha mbele, na soda analetewa. Mwanangu naye ahubiriwe akiwa amekaa.

Jumapili hii tutakuwepo ibada ya pili. Atakayekuja na chupa ya mafuta aanze na mimi. Paji langu ni pana, na vijana wa kudaka wajiandae, mimi ni mzito.

Wenu katika ujenzi wa kanisa,
Mama mdogo.

Nakala:
Mhazini – kwa kufungua kasma.
Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi – kwa kumpokea mjumbe mpya.
Pepo husika – kwa taarifa, na alete picha mbili za pasipoti.